Muheme imepakiwa, maelezo yamebaki kijijini: yawekwe wapi?

Zeze_la_Bahi (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni.

Kuna kikundi cha ngoma wilayani Bahi, Dodoma, chenye rekodi 14 safi: muheme (ngoma za akina mama wa Kigogo), nindo (aina nyingine ya ngoma ya Wagogo), vipande viwili vya ilimba (ala ya kupigwa kwa vidole gumba) tupu bila kuimba, na nyimbo tatu mpya alizotunga katibu wa kikundi. Mwezi uliopita zilipakiwa kupitia msambazaji mmoja wa mtandaoni, zikaenda Spotify, Boomplay, Apple Music na kwingineko. Sauti haina shida. Shida ni kila kitu kinachoizunguka hiyo sauti.

Lugha imesomeka Kiswahili, wakati ni Kigogo mwanzo mwisho. Mtunzi wa nyimbo zote 14 ameandikwa prodyuza. Nyimbo nne zimetua kwenye ukurasa wa msanii mwingine kabisa, wa nchi nyingine, kwa sababu majina yamefanana. Ngoma moja ya dakika 18 ilikatwa vipande vitatu, kwa hiyo mtu akisikiliza kwa kuchanganya anaweza kuanzia kipande cha katikati, kama mgeni aliyefika harusini watu wanaosha sufuria. Na kwenye magrupu ya WhatsApp wimbo unazunguka kwa jina la AUD, tarehe, halafu WA0007. Hakuna anayejua ni nani anaimba, wala ni ngoma ya nini.

Naomba wenye ujuzi mnijibu: maelezo haya yakae wapi hasa ili yasidondoke njiani? Yawe kiasi gani? Na je, tufute kila kitu tupakie upya, au tunarekebisha hapo hapo? Kikundi kinataka pia kuuza flashi Jamatini, Dodoma mjini, na kwenye tamasha la muziki wa Wagogo pale Chamwino.

---

Karani_wa_Sauti

Mkuu, anza na jambo moja: majukwaa haya hayahifadhi maelezo, yanahifadhi visanduku. Jambo lisilo na kisanduku chake hutupwa mlangoni hata ungeliandika vizuri namna gani. Enzi ya santuri na kaseti, karatasi ya jalada ilisafiri pamoja na sauti kwa sababu vilikuwa ndani ya kasha moja. Sasa sauti inakwenda peke yake. Kazi yenu ni kuigawa ile habari ya ngoma ili ikae kwenye visanduku vilivyopo, na kinachobaki kitafutiwe makazi mengine.

Jina la msanii. Kama kikundi kinajiita kwa jina la ngoma tu, mnatafuta balaa, maana ni sawa na bendi kujiita "Bendi ya Gitaa". Ongezeni jina la kijiji ndani ya jina la kikundi. Halafu shikeni tahajia moja mpaka kiama. Angalieni jina la marehemu Hukwe Zawose, gwiji wa muziki wa Kigogo: kuna "Hukwe Zawose", kuna "Hukwe Ubi Zawose", kuna "Dr. Hukwe Zawose", kuna yeye pamoja na Charles Zawose. Kompyuta haijui kwamba huyo ni mzee mmoja wa Dodoma. Kila tahajia mpya ni mtu mpya. Wakati wa kupakia, fomu huuliza kama msanii tayari ana ukurasa. Msibofye lililojitokeza juu kwa haraka. Kama ukurasa upo, bandikeni kiungo chake. Kama haupo, chagueni msanii mpya. Zile nne zilizopotea zinahamishwa kwa ombi: mpeni msambazaji kiungo cha ukurasa usio sahihi, kiungo cha ukurasa sahihi, na namba za ISRC (namba za kimataifa za kutambulisha rekodi) za nyimbo hizo. Hapo hakuna haja ya kufuta kitu.

Jina la wimbo. Andikeni jina la Kigogo peke yake. Tafsiri, jina la kijiji, namba ya simu, maneno ya "official audio", vyote hivyo hurudishwa na wakaguzi, na herufi kubwa tupu hurudishwa pia. Kama ni rekodi ya hadharani, kuna kisanduku cha toleo kando ya jina; hapo ndipo panapoandikwa kwamba ilirekodiwa jukwaani na wapi. Chungeni pia kisanduku cha lugha ya jina. Kikiachwa kwenye Kiingereza, mfumo unaweza kukuza herufi ya kwanza ya kila neno, mkapata "Muheme Wa Akina Mama" na hilo "Wa" limevimba kama jipu.

Lugha ya sauti ni kisanduku kingine, tofauti na lugha ya jina. Kigogo kina alama yake ya kimataifa ya herufi tatu: gog. Kirangi ni lag, Kisandawe ni sad. Kama Kigogo hakimo kwenye orodha ya msambazaji wenu, waandikieni huduma kwa wateja mkitaja hiyo alama. Wakigoma, chagueni "lugha nyingine" kama ipo. Kiswahili kiwe cha mwisho kabisa. Vile viwili vya ilimba tupu viwekwe "bila maneno". Mkiviandika Kiswahili, kuna wakati mtadaiwa mashairi ambayo hayapo.

Wapigaji. Kila mpigaji aandikwe na ala yake. Watu wengi wasipoiona ilimba kwenye orodha ya ala huchagua piano, kwa sababu wageni wameizoea kuiita piano ya vidole gumba. Matokeo yake mzee wa Bahi anasomeka mpiga kinanda. Bora mchague jamii pana, ala za kugonga au ala nyingine, kuliko kusema uongo ulio bayana.

Mtunzi. Hapa ndipo penye pesa, someni mara mbili. Rekodi na utunzi ni haki mbili zinazolipwa kwa njia mbili. Msambazaji hulipa ya rekodi. Ya utunzi hufuata jina lililo kwenye kisanduku cha mtunzi na usajili wa COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania. Prodyuza aliyekaa kwenye mashine si mtunzi wa muheme iliyokuwepo kabla ya yeye kuzaliwa. Kwa ngoma za asili andikeni "Jadi" au neno ambalo msambazaji analikubali kwa maana hiyo, halafu kikundi kiandikwe kama wapangaji ikiwa kweli wamepanga upya. Kwa zile tatu za katibu, andikeni jina lake kamili kama lilivyo kwenye kitambulisho, si la kisanii. Kosa la kinyume lipo na ni baya vilevile: wimbo mpya wa katibu ukiandikwa "Jadi" umemnyang'anya jasho lake.

Jina la albamu. Watu hulipoteza bure. Wanaandika "Volume 1". Jina la albamu linasafiri na kila wimbo, linatafutika, na kwa kawaida wakaguzi hawalikatai likitaja mahali. "Muheme na Nindo za Bahi" limebeba ngoma mbili na wilaya kwa maneno matano. Hicho ndicho kisanduku chenu kikubwa kuliko vyote, kitumieni.

Kava: mraba wa pikseli 3000 kwa 3000, JPG au PNG, rangi za RGB. Pasiwe na namba ya simu, anwani ya tovuti wala nembo za majukwaa, itarudi. Pigeni picha ya ala zenyewe na waliozishika. Simba na machweo tumewachoka.

Kisanduku pekee kinachosomwa na binadamu ni kile cha kuomba wimbo uingizwe kwenye orodha za wahariri wa Spotify. Kina nafasi ya herufi 500, ni kwa wimbo mmoja ambao bado haujatoka, na utume siku 7 kabla kwa uchache. Hapo ndipo pa kusema ngoma gani, inachezwa lini, ala gani zinasikika, wanaoimba ni kina nani. Msijaze sifa. "Wimbo mzuri sana wenye ujumbe" hakumwambii mhariri chochote.

Kuhusu ile ya dakika 18, iunganisheni. Spotify huhesabu msikilizo baada ya sekunde 30, ndiyo maana watu hukata. Lakini kipande cha pili na cha tatu havihesabiwi kama msikilizaji hakufika huko, na tangu mwaka 2024 rekodi isiyofikisha misikilizo 1,000 katika miezi 12 hailipwi kabisa ya rekodi. Vipande vitatu vya misikilizo 400 kila kimoja ni sifuri mara tatu. Wimbo mmoja uliokusanya 1,000 umevuka.

---

Mrusha_Nyimbo_Majengo

Karani kamaliza ya juu, mimi nizungumzie ya chini, kwenye flashi, sabufa na WhatsApp, maana wasikilizaji wengi wa muheme wako huko.

WhatsApp: ukituma wimbo kama sauti, mpokeaji anaupata umebatizwa upya, AUD na namba. Ukiutuma kama hati, jina la faili linabaki na tagi za ndani (maelezo yaliyofungwa ndani ya faili) zinabaki. Bofya alama ya pini, chagua Document, tafuta faili, tuma. Hati inaruhusiwa hadi GB 2, kwa hiyo ukubwa si kisingizio. Anayepokea akiituma mbele nayo inakwenda kama hati. Mnyororo hukatika pale mtu mmoja anapoipakua na kuituma tena kama sauti, ndiyo maana tagi za ndani ni muhimu kuliko jina la faili.

Tagi. Kwenye kompyuta ya Windows tumieni Mp3tag, ni ya bure. Kwenye Linux kuna Kid3. Katika Mp3tag nendeni Tools, Options, Tags, Mpeg, mchague iandike ID3v1 na ID3v2.3, ambayo ni matoleo ya tagi za MP3. Msichague 2.4. Redio nyingi za gari na sabufa za bei nafuu haziisomi, zinaonyesha weupe au jina la faili.

Kwa nini ID3v1 ingali na kazi: ni baiti 128 za mwisho wa faili, na vifaa vingi vidogo husoma hizo tu. Jina la wimbo lina nafasi 30, msanii 30, albamu 30. Zikizidi zinakatwa bila huruma. "Muheme wa Wanawake wa Ng'hong'onha" ni nafasi 34, kwa hiyo kioo kitaandika "Muheme wa Wanawake wa Ng'hong'" na kuishia hapo. Pangeni maneno ya maana yatangulie: kijiji kwanza, ngoma baadaye, au mfupishe.

Na hiyo alama ya ritifaa, ile ya kwenye ng'. Simu na Word huigeuza kuwa ile iliyopinda. Kwenye kifaa cha zamani inatokea alama ya kuuliza au kisanduku, na kwenye utafutaji "Ng’ombe" ya kupinda na "Ng'ombe" ya kunyooka zinaweza kuhesabiwa maneno mawili. Tumieni iliyonyooka kila mahali, muinakili mara moja na kuibandika.

Mpangilio wa flashi: vifaa vya bei nafuu havipangi nyimbo kwa alfabeti. Hupiga kwa mfuatano ambao faili ziliandikwa kwenye jedwali la FAT32, mfumo wa kupanga faili kwenye flashi. Ukinakili faili 14 kwa mpigo zinaweza kuingia ovyo, wimbo wa kufungia ukaanza. Kwa hiyo fomatini flashi kwanza kwa FAT32, majina yaanze 01, 02, 03, halafu nakilini moja baada ya nyingine kwa mfuatano huo. Kwenye Linux programu ya fatsort inawapangia kwa amri moja.

Picha ya kava ndani ya MP3: pikseli 600 kwa 600, isizidi kilobaiti 200 hivi. Kuna watu hubandika ile ya 3000 kwenye kila wimbo, redio ya gari inaganda sekunde kadhaa kila wimbo unapobadilika, mwenye gari anadhani flashi ni mbovu anairudisha.

Ukubwa: kbps (kiwango cha ubora wa sauti) 320 ni MB 2.4 kwa dakika, kwa hiyo ngoma ya dakika 18 ni MB 43. Kbps 128 ni MB 17. Kwa flashi wekeni 320, kwa WhatsApp 128 inatosha, mtu wa bando la siku atawashukuru. Lakini kengele na njuga kwenye 128 huanza kusikika kama maji yanachemka, hivyo msiifanye hiyo ndiyo nakala mama.

---

Bando_la_Wiki

Kwa heshima zote wakuu, hivi msikilizaji wa kawaida anahitaji haya yote? Mtu anapanda bajaji Sabasaba, wimbo unapigwa, unamkolea, basi. Hakuna anayefungua kusoma nani kapiga njuga. Naona mnaandika kitabu kwa ajili ya watafiti wa Chuo Kikuu cha Dodoma.

---

Karani_wa_Sauti

Bando, huyo wa kwenye bajaji ukimkolea anafanya nini? Anamuuliza dereva "huu wa nani?" Dereva anatazama kioo. Kikisema AUD-WA0007, biashara imeishia hapo. Hatafuti, hanunui flashi, haiti kikundi kwenye sherehe ya binti yake. Maelezo mengi hayasomwi, kweli. Lakini yale matatu, nani, wapi, ngoma gani, ndiyo yanayomrudisha msikilizaji kwa mwenye wimbo. Mengine ni ya wachache, nayo yana makazi yake.

Nakukubalia sehemu moja: usimlazimishe kuyasikia. Watu huweka mtu akizungumza sekunde 20 mwanzoni mwa wimbo, "huu ni muheme, ngoma ya akina mama wa Kigogo..." Kwenye redio ni sawa, mtangazaji amezoea. Kwenye jukwaa la mtandaoni msikilizaji anaruka kabla ya sekunde 30 na msikilizo hauhesabiwi. Suluhisho ni matoleo mawili: lenye utangulizi wa sekunde 6 hadi 8 kwa redio, flashi na WhatsApp, na lisilo na utangulizi kwa majukwaa. Lile la flashi hata likipoteza tagi na jina, sauti yenyewe inajitaja. Mkiamua kuyapakia yote mawili mtandaoni, kila moja lipewe ISRC yake, maana ni rekodi mbili.

---

Kabati_la_Kanda

Nimesoma yote. Mmezungumzia pa kuweka maelezo, lakini maelezo yenyewe yanatoka wapi? Kwenye rekodi nyingi yalikwisha kupotea siku ile ile ya kurekodi.

Rekoda huita faili namba tu. Ikiwa saa ya rekoda haikurekebishwa, hata tarehe ni ya uongo. Kwa hiyo kabla ya ngoma kuanza, mtu mmoja aseme kwenye maikrofoni: tarehe, kijiji, kikundi, jina la wimbo, anayeanzisha, ala zilizopo. Sekunde 15. Baadaye zinakatwa kwenye nakala ya kuuza, lakini kwenye nakala mama zinabaki milele. Kwa faili za WAV (sauti isiyobanwa) kuna pia sehemu ndani ya faili, iitwayo bext, yenye nafasi ya maelezo ya herufi 256. Jazeni hapo tarehe, mahali na jina la kikundi, ili faili ikitenganishwa na karatasi yake ijieleze yenyewe.

Halafu fungueni jedwali, mstari mmoja kwa kila faili. Safu nyingi zinajulikana. Ninazoziona zikisahauliwa ni hizi. Ilipigwa kwenye tukio lenyewe, au ilipigwa kwa ajili ya maikrofoni? Hilo linabadilisha kila kitu: urefu, idadi ya waitikiaji, vigelegele, hata mwendo. Ilimba ina vijiti vingapi, zeze lina nyuzi ngapi? Maneno kwa Kigogo kama yalivyoimbwa, tafsiri ya neno kwa neno, na chini yake tafsiri ya maana, maana fumbo likitafsiriwa neno kwa neno tu linakuwa upuuzi. Na ya mwisho: nani ameruhusu nini.

Hiyo ruhusa isichukuliwe kama karatasi ya kusaini haraka. Muheme ina uhusiano na unyago, na si kila wimbo wa unyago ni wa masikio ya kila mtu. Akina mama ndio wanaopiga ngoma hizo, basi akina mama ndio waulizwe, si mwenyekiti wa kijiji. Waulizwe wimbo kwa wimbo: huu uende kila mahali, huu uhifadhiwe usisambazwe, huu usirekodiwe. Kama katika hizo 14 kuna ambao hawakuulizwa, utoeni kwenye majukwaa kwanza, maswali baadaye. Kuna wakati kulijua tukio la wimbo ndiko kunakokwambia usiupakie.

Kisheria, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya 1999 inalinda pia sanaa za jadi, hasa zinapotumiwa kibiashara nje ya mazingira yake ya asili. Mfano wa sheria wa UNESCO na WIPO (shirika la dunia la haki bunifu) wa mwaka 1982 unataka chanzo kitajwe: jamii gani, mahali gani. Kwa hiyo kutaja kijiji si hisani ya msambazaji. Pitieni BASATA (Baraza la Sanaa la Taifa) na COSOTA mapema, kabla ya mtu mwingine kuichukua rekodi na kuiwekea biti.

Jambo jingine ambalo prodyuza wengi hawalijui, na linaharibu rekodi nzuri. Muziki wa Kigogo umejengwa juu ya mfululizo wa sauti asilia, zile ambazo uzi mmoja au bomba moja huzitoa lenyewe. Sauti ya saba katika mfululizo huo iko chini ya noti ya kinanda iliyo karibu nayo kwa senti 31, karibu theluthi ya nusu-toni. Prodyuza anaiona kwenye kompyuta "imekosea", anawasha programu ya kunyoosha sauti, waimbaji wananyooka, zeze linabaki palepale, na sasa wanagombana wimbo mzima. Andikeni kwenye maagizo ya masta (hatua ya mwisho ya kuandaa sauti) kwa herufi kubwa: SAUTI ISINYOOSHWE. Na kwenye maelezo ya albamu mtaje sentensi moja kuhusu mfumo huo, ili mhariri wa mbali asidhani ala hazikutuniwa.

Kuonyesha kwamba haya yanalipa: mtafiti wa muziki Hugh Tracey alipita Tanganyika mwaka 1950 akirekodi, Wagogo wakiwemo. Rekodi zake ziko ILAM, maktaba ya muziki wa Afrika iliyoko Afrika Kusini, aliyoianzisha mwaka 1954. Kila moja iliambatana na kadi: lugha, mahali, ala, mara nyingi hata vipimo vya sauti za ala. Ndiyo sababu leo mtu akisikia ilimba ya 1950 anaweza kujua imetoka wapi na akaitunia nyingine ifanane nayo. Kanda isiyo na kadi ya mwaka huo huo ni kelele nzuri tu.

Makazi ya maelezo marefu: tengenezeni kijitabu cha PDF, kurasa 8 hadi 12, kiwekeni Internet Archive pamoja na sauti mlizoruhusu, kiwekeni pia ndani ya flashi. Halafu MusicBrainz. Ni hifadhidata huria, mtu yeyote anafungua akaunti. Ingizeni kikundi, eneo lake, albamu, rekodi na ISRC zake, na kila wimbo kama utungo wenye lugha yake, Kigogo kimo. Programu ya Picard inachota tagi kutoka huko, kwa hiyo mtu mwenye faili lisilo na jina anaweza kulitambua kwa sauti yake tu, mradi alama ya sauti hiyo imeshapelekwa. Mkimaliza kuingiza albamu, fungueni faili zenu ndani ya Picard na mtume alama hizo kupitia AcoustID. Dakika tano.

---

Zeze_la_Bahi (mleta mada)

Asanteni sana wakuu, nimepata kazi ya wiki nzima. Mawili yamebaki. Kuna wimbo wa zamani ambao katibu ameongeza beti mbili za kwake kuhusu maji ya Bahi. Huo ni Jadi au ni wake? Pili, bado sijajua kama tufute tupakie upya. Kiongozi wa kikundi anataka kuhama msambazaji kabisa, na kuna nyimbo mbili zimeshapata wasikilizaji.

---

Karani_wa_Sauti

Beti mbili: wimbo ni Jadi, katibu anaandikwa mwandishi wa maneno ya nyongeza au mpangaji. Kwenye COSOTA aeleze hivyo hivyo na aambatishe maneno ya beti zake pekee, asisajili wimbo mzima. Na kwa nyimbo zote za asili msiwashe Content ID ya YouTube (mfumo wa kutambua sauti yako kwenye video za wengine) kabla ya kufikiri. Kikundi kingine cha Chamwino kikiimba ngoma hiyo hiyo, au kanisa likiiweka kwenye video, mfumo unaweza kufananisha na kudai, na mtakuwa mnagombana na majirani kwa jambo ambalo si la mtu mmoja. Kwa zile tatu za katibu, washeni.

Kuhama. Majina, mtunzi, wapigaji, lugha, vyote hivyo vinarekebishwa bila kufuta, kwa kawaida siku chache hadi wiki mbili vionekane kila mahali. Faili la sauti lenyewe ndilo ambalo mara nyingi halibadilishwi. Hapo inabidi kupakia upya.

Kwa hiyo ile ya dakika 18 ni rekodi mpya: faili moja la WAV, biti 16 au 24, kHz 44.1, karibu MB 190 kwa biti 16, ISRC mpya, na vile vipande vitatu vishushwe. Nyingine 13 zinahama na ISRC zile zile. Msimruhusu msambazaji mpya azitengenezee namba nyingine. Kwenye fomu kuna mahali pa kuingiza namba mliyonayo. ISRC ina nafasi 12: herufi na namba za mwanzo humtambulisha aliyeitoa, mbili zinazofuata ni mwaka, tano za mwisho ni za rekodi. Zinakilini moja kwa moja kutoka kwa msambazaji wa sasa, msiandike kwa mkono, maana sifuri na herufi O zimewaponza wengi.

Kwa msambazaji mpya pakieni sauti ile ile bila kuigusa, urefu ule ule hadi sekunde, jina lile lile na msanii yule yule. Subirini mpaka zionekane kwenye kila jukwaa sambamba na za zamani. Baada ya hapo ndipo mwombe za zamani zishushwe. Mkishusha kwanza, hesabu za zile nyimbo mbili zinaweza kuanza sifuri, na watu waliokuwa wamezihifadhi watakuta jina limefifia halibofyeki.

Marekebisho ya maelezo myafanye upande wa pili baada ya kuhama kukamilika, si siku hiyo hiyo. Vikibadilika vyote kwa pamoja, jukwaa linashindwa kujua ni rekodi ile ile.

---

Mrusha_Nyimbo_Majengo

Na kabla ya kunakili flashi 100 za Chamwino, nakilini moja, mkaijaribu kwenye vifaa vitatu: sabufa ya bei ya chini kabisa, redio ya gari, na simu ya batani (hiyo muihamishie nyimbo kwenye kadi ya memori). Zikisomeka hata kwenye simu ya batani, endeleeni.